Brosha za marepu wa dawa: zinasomwaje, na sampuli tuzifanye nini?

tabibu_chakechake aliuliza:

Assalaam alaykum. Nnaomba mchango wa wanaoijua kazi hii.

Idara yetu imetakiwa ipeleke kwenye kamati ya dawa ya spitali utaratibu wa maandishi kuhusu marepu wa kampuni za dawa, yaani wawakilishi wanaotumwa kunadi dawa kwa madaktari. Hali ilivyo ni kwamba wanavuka na boti, wanaingia kliniki foleni ikiwa imefika uwanjani, wanaacha brosha, sampuli, kalamu na kalenda ya Hijria. Mara moja moja huja mwaliko wa "semina ya kisayansi" hotelini na chakula cha usiku. Mezani sasa hivi zipo brosha tatu:

1. Atorvastatin (dawa ya kushusha lehemu) yenye jina la biashara: "Inapunguza mshtuko wa moyo kwa 36%."
2. Esomeprazole (dawa ya kupunguza asidi ya tumbo): "Inaponesha kuliko omeprazole."
3. Sindano ya ceftriaxone na sulbactam, gramu 1.5: "Pale antibiotiki nyengine zinaposhindwa."

Nnachotaka ni vitu vya kufanya. Mwenye dakika kumi aisome vipi brosha? Sampuli zipokelewe au zirudishwe? Na hicho chakula, kina shida gani khasa? Ile kauli ya "mimi sinunuliki kwa kalamu" tuiweke kando, tushaisikia sana.

---

mfamasia_mkunazini:

Waalaykum salaam. Anza na lisilotaka hisabati.

Mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani lilitoa vigezo vya maadili ya kutangaza dawa. Humo imetajwa orodha ya mambo yanayopaswa kuwemo katika tangazo linalomlenga daktari: jina halisi la dawa na jina la biashara, kiasi cha dawa kwa kila kidonge au sindano, vitu vyengine vilivyochanganywa vinavyojulikana kuleta matatizo, matumizi yaliyoidhinishwa, dozi, madhara makubwa, tahadhari na hali ambazo dawa haifai kutumiwa, dawa inazogongana nazo, jina na anwani ya mtengenezaji au msambazaji, na rejea za kitaalamu. Ichape orodha hiyo, ibandike ukutani palipokuwa na kalenda yao, kisha chukua brosha utie alama moja baada ya moja. Dakika tatu zinatosha.

Penye pengo kila mara ni madhara na hali za kutotumia. Jina la biashara limejaa ukurasa, jina halisi limebanwa chini kwa herufi za kutafutia miwani, na onyo limegeuzwa kuwa "soma maelezo kamili ya dawa" wakati maelezo hayo hakuyaleta. Mwambie ayalete. Asipokuwa nayo, brosha hiyo haijakamilika na hamna haja ya kuendelea na dozi wala grafu.

Pili, usajili. Kwetu dawa zinasajiliwa na ZFDA (wakala wa chakula na dawa wa Zanzibar), na matangazo ya dawa yako chini yao kwa Sheria Namba 2 ya 2006. Repu akikuonesha namba ya TMDA, hiyo ni ya mamlaka ya dawa ya Bara. Muulize namba ya ZFDA na uihakikishe mwenyewe. Angalia pia kama matumizi yaliyotajwa kwenye brosha ndiyo yaliyosajiliwa, maana dawa inaweza kusajiliwa kwa jambo moja ikanadiwa kwa matatu.

Tatu, mwongozo wa tiba wa Zanzibar na orodha ya dawa muhimu. Dawa isiyokuwemo humo haiji kutoka Bohari Kuu, kwa hiyo ukiiandika mgonjwa ataitafuta madukani kwa mfuko wake. Si kosa lenyewe kwa lenyewe, lakini ulijue kabla ya kuandika. Malaria ni mfano mzuri: kwetu dawa ya mstari wa mwanzo ni artesunate na amodiaquine, Bara ni artemether na lumefantrine. Brosha iliyotengenezewa Dar inaweza kuwa sahihi kabisa kule na isiendane na mwongozo wetu.

Sasa hiyo sindano namba 3. Katika mgawanyo wa antibiotiki wa Shirika la Afya Duniani (Access, Watch na Reserve, ulioanza 2017), ceftriaxone peke yake iko Watch, yaani kundi la kutumiwa kwa uangalifu (Reserve ni za akiba ya mwisho). Ceftriaxone ikichanganywa na sulbactam imewekwa kwenye orodha tofauti, ya michanganyiko isiyopendekezwa. Ampicillin na cloxacillin, ambayo kila duka unalikuta nayo, imo orodha hiyo hiyo.

Tena kuna hatari ya dozi. Chupa ya gramu 1.5 ina ceftriaxone gramu 1 na sulbactam nusu gramu. Mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo anatakiwa apate ceftriaxone gramu 2 kila saa 12. Anayehesabu gramu za kwenye lebo atampa pungufu bila ya kujua. Na ukiandika kwa jina la biashara, zamu ya usiku ikakuta kabatini mna ceftriaxone tupu, muuguzi hana njia ya kujua ulikusudia gramu ngapi za kitu gani. Namba 3 mimi ningeirudisha bila ya mjadala. "Pale nyengine zinaposhindwa" ni pahala pa kuotesha vimelea, si pa kubadilisha chupa.

---

takwimu_bububu:

Nachukua 1 na 2, kwa sababu ndipo penye ufundi wa kweli.

Ile 36% si uongo. Inatokana na jaribio la ASCOT lililochapishwa 2003: watu 10,305 wenye presha pamoja na vihatarishi vyengine visivyopungua vitatu, nusu wakipewa atorvastatin mg 10 na nusu plasebo (kidonge kisicho na dawa ndani), wakafuatiliwa kwa wastani wa miaka 3.3. Waliopata mshtuko wa moyo au kufa kwa maradhi ya mishipa ya moyo ni 1.9% upande wa dawa na 3.0% upande wa plasebo. Fanya hivi:

Toa: 3.0 − 1.9 = 1.1. Huo ndio upungufu halisi, asilimia moja na kidogo.

Gawa: 1.1 ÷ 3.0, unapata kama 0.37, karibu na ile 36% ya brosha. Ni upungufu wa kulinganisha, umepimwa dhidi ya kitu ambacho chenyewe kilikuwa kidogo.

Gawa tena: 100 ÷ 1.1, unapata 91. Unatibu watu 91 kila siku kwa miaka mitatu na zaidi ili mmoja aepukane na tukio.

Kwa lugha ya kumwambia mgonjwa: katika watu 1,000 wa aina hiyo, 30 wangepata tukio bila dawa, 19 wanalipata wakiwa na dawa, 11 wameokoka, na 970 wasingelipata hata wasingemeza. Ni faida ya kweli na mimi sina ugomvi na statini (kundi la dawa ilimo atorvastatin). Lakini daktari aliyeambiwa "36%" na aliyeambiwa "11 katika 1,000" wataandika tofauti, na mtunga brosha analijua hilo vizuri. Kwa hiyo kila ukiona asilimia ya faida isiyokuwa na namba mbili za asili pembeni yake, muulize repu: "Kutoka ngapi hadi ngapi, kwa muda gani?" Asipojua, namba hiyo haina kazi kwako.

Tazama na ujanja wa kinyume chake. Faida inaandikwa kwa upungufu wa kulinganisha (36%), madhara yanaandikwa kwa tofauti halisi ("chini ya 1%"), yote katika ukurasa mmoja. Ukibadilisha kipimo kati ya mistari miwili, mizani ishaharibika.

Esomeprazole. Hapa tatizo ni mshindani aliyechaguliwa. Majaribio yaliyoipatia sifa yalilinganisha esomeprazole mg 40 na omeprazole mg 20. Esomeprazole ni nusu ya omeprazole yenyewe, umbo moja katika mawili ya molekuli ile ile. Umempa mmoja dozi maradufu, kisha unatangaza kuwa ameshinda. Swali la kuuliza: "Je, mumeilinganisha na omeprazole mg 40?" Kila brosha inayosema "bora kuliko", tafuta bora kuliko nini, kwa dozi gani, kwa muda gani.

Muda nao ni mlango wa kupitishia mambo. Jaribio la CLASS la celecoxib, dawa ya maumivu iliyonadiwa kuwa haiumizi tumbo kama nyengine, lilichapishwa 2000 kwa matokeo ya miezi sita, ilhali majaribio yenyewe yalikuwa na data ya zaidi ya mwaka, na ile faida ya tumboni haikubaki ilivyokuwa kwenye miezi sita.

Kuna na kupima kitu chengine badala ya kinachomuuma mgonjwa. Flecainide na encainide zilituliza mapigo ya moyo yaliyopotea njia, grafu zikapendeza. Jaribio la CAST, 1989, likaonesha wanaozimeza wanakufa zaidi kuliko wa plasebo. Brosha ya kisukari ikikuonesha sukari imeshuka, au ya presha ikikuonesha milimita za zebaki, uliza kuhusu kiharusi, figo na vifo.

Mwisho, rejea. Namba ndogo juu ya sentensi inatia imani, na wengi hawaifuati. Utafiti uliotoka The Lancet 2003 ulichunguza matangazo ya dawa za presha na lehemu katika majarida ya madaktari ya Hispania: madai 102 ambayo rejea zake zilipatikana, na 44% hayakuungwa mkono na rejea hizo. Sababu kubwa ilikuwa dawa kunadiwa kwa kundi la wagonjwa ambalo silo lililochunguzwa. Ukikuta "takwimu zipo kwenye jalada la kampuni", hiyo si rejea.

Na ukitaka kujua rejea mbovu inaweza kufika wapi, mwaka 1980 jarida moja la Marekani lilichapisha barua ya aya moja: wagonjwa 11,882 waliolazwa na kupewa dawa kali za maumivu, wanne tu wakaonekana wamepata uraibu. Waliolazwa, wanaoangaliwa na wauguzi. Miaka ya 1990 barua hiyo ikawa ngao ya kusemea kwamba uraibu hauzidi 1% hata kwa anayemeza nyumbani miezi na miezi. Mwaka 2007 kampuni ya Purdue Frederick ilikiri mahakamani kosa la kuitangaza OxyContin, mojawapo ya dawa hizo kali za maumivu, kwa maelezo ya kupotosha kuhusu uraibu.

---

begi_la_ngozi:

Niongeze upande wa pili wa meza, maana wengi wanadhani repu anakuja kusoma brosha tu.

Kabla hajabisha hodi ana orodha ya madaktari wanaoandikia wagonjwa dawa, walivyopangwa kwa madaraja: nani anaona wagonjwa wengi, nani mwepesi wa kujaribu kipya, nani anafuatwa na wenzake. Habari hizo hazitoki mbali. Anapita maduka ya dawa ya jirani, anaulizia vyeti vya dawa vinavyoingia vina jina gani. Ndiyo maana wiki ijayo anajua kama uliandika au hukuandika, na atakuja na maneno laini.

Mazungumzo yana mpangilio: salamu na habari za watoto, swali kuhusu mgonjwa anayekusumbua, kauli moja ya faida, karatasi moja ya grafu, kisha ombi dogo lenye kipimo, kwa mfano "Dokta, wagonjwa wako watatu wa mwanzo wiki hii." Hilo ombi ndilo kazi yenyewe. Ukishaitikia "Inshaallah" mbele ya mtu aliyekuletea zawadi ya Idi, muhali umeingia. Kalamu haikununui, inakufanya uone tabu kusema hapana, na hiyo inatosha.

Vigezo vile vya 1988 vinasema sehemu kubwa ya mshahara wa repu isifungamane moja kwa moja na mauzo anayoyaleta. Muulize tu kwa upole analipwaje. Kampuni ya dawa ya GSK ilitangaza Disemba 2013 kuwa inaacha kulipa marepu kwa idadi ya dawa zinazoandikwa, na pia inaacha kuwalipa madaktari waisemee. 2018 ikalegeza sehemu ya uamuzi huo.

---

dr_kiembesamaki:

Yote sawa, lakini msiwafukuze. Kuna maswali ambayo repu mzuri anayajibu kuliko mtu yeyote aliye karibu, na hamumuulizi. Dawa imepimwa uthabiti wake kwenye nyuzi 30 na unyevu 75%? Hilo kwa visiwa vyetu ni muhimu kuliko grafu zote. Amoxicillin na clavulanate inaharibika kwa unyevu, kwa hiyo vidonge vikitolewa kwenye pakiti yake vikatiwa bahasha ya karatasi, clavulanate haikai. Dawa ya maji ya mtoto ikishachanganywa inakaa siku ngapi, na nyumbani pasipo friji? Kuna toleo linalorejeshwa kiwandani? Akikujibu hayo kwa maandishi, amekufaa. Akirudi kwenye kauli yake ya faida, saa yake imekwisha.

---

famasia_wete:

Kuhusu sampuli, kwa sababu ndizo zinazomuumiza mgonjwa moja kwa moja.

Hoja ya "masikini atapata dawa" inasimama kwa ugonjwa wa siku saba. Kwa presha na kisukari haisimami. Unampa vidonge 14 vya dawa ya bei, presha inashuka, wiki ya tatu anatakiwa anunue. Hanunui, presha inarudi, na yeye anaamini dawa ya spitali "haimuingii". Umemharibia dawa aliyokuwa na uwezo nayo.

Ajali ya kawaida ni dozi kurudufu. Sampuli ni mchanganyiko wa amlodipine na valsartan kwa jina la biashara. Mgonjwa nyumbani ana amlodipine na enalapril za spitali. Hakuna aliyemwambia aache, kwa sababu majina hayafanani. Sasa anameza amlodipine mara mbili (miguu inavimba, kichwa chepesi akisimama) na enalapril juu ya valsartan, jozi ambayo haitakiwi: potasiamu inapanda na figo zinaelemewa. Ajali nyengine ni vidonge vya maumivu vya diclofenac vilivyochanganywa na paracetamol. Mtu anaongeza panadol yake juu, na kikomo cha gramu 4 kwa siku kinapitwa kimya kimya.

Tena sampuli inayokaa kwenye droo ya daktari haina kumbukumbu. Toleo likirudishwa kiwandani huwezi kujua nani kalimeza. Kwenye droo ya chumba kisicho na kiyoyozi joto linapita 30, na insulini inayotaka nyuzi 2 hadi 8 nimeona watu wanaipokea mkononi kama peremende.

Utaratibu unaofanya kazi: daktari hapokei sampuli. Zinakwenda famasia, zinaandikwa kwenye daftari jina halisi, nguvu, namba ya toleo, tarehe ya kuisha, idadi na aliyeleta. Zinapokelewa tu ikiwa dawa imo kwenye mwongozo, imesajiliwa ZFDA, imebakisha miezi sita au zaidi, na idadi inatosha kumaliza tiba kamili ya mtu mmoja. Antibiotiki za Watch na Reserve haziingii kabisa. Mgonjwa anatolewa kwa cheti chenye jina halisi kama dawa nyengine yoyote. Sharti la tiba kamili peke yake litapunguza begi zima, mtaona.

---

mfamasia_mkunazini:

Ya daktari wa Kiembesamaki na famasia wa Wete nayaunga mkono. Nimalizie la chakula.

Vigezo vya 1988 si sheria, ni mwongozo wa kimataifa. Kanuni za IFPMA (shirikisho la kimataifa la kampuni za dawa) za 2019 zimepiga marufuku zawadi kwa madaktari, lakini zinawabana wanachama wake, na viwanda vingi vya dawa jeneriki vinavyotuletea bidhaa si wanachama. Marekani tangu sheria ya 2010 kampuni inalazimika kuorodhesha hadharani inachompa kila daktari. Kutokana na orodha hiyo, utafiti wa 2016 wa madaktari 279,669 ulikuta kuwa hata aliyepokea mlo mmoja, wa thamani ya chini ya dola 20 kwa wastani, aliandika zaidi dawa iliyonadiwa kwenye mlo ule, na milo ikizidi, kuandika nako kunazidi. Watafiti walisema wazi kuwa huo ni uhusiano, haujathibitisha kuwa mlo ndio sababu. Hata hivyo kampuni inaendelea kulipia milo, na kampuni haipendi hasara.

Kwa utaratibu wenu ningeandika haya: marepu siku moja kwa wiki, baada ya kliniki kumalizika, kwa kikundi na mfamasia akiwepo, dakika 20. Slaidi na tafiti kamili zifike siku tatu kabla. Mzungumzaji aseme mwanzoni nani anamlipa. Jina halisi litumike katika mazungumzo yote. Maduka ya dawa ya jirani yaombwe yasioneshe vyeti vya wagonjwa kwa mtu yeyote, na hilo ni suala la siri ya mgonjwa hata pasipokuwa na repu. Brosha yenye madai ya kupotosha ipelekwe ZFDA ikiwa nzima, na tarehe na mahali ilipotolewa vimeandikwa nyuma. Malalamiko ya mdomo hayafiki popote.

---

tabibu_chakechake:

Shukran sana, hii inatosha kuandikia. Moja limebaki: Ramadhani kampuni hutoa futari kwa wafanyakazi wa zamu na wagonjwa. Nikiikataa nitaonekana nazuia sadaka.

---

famasia_wete:

Usiikatae, ibadilishe njia. Ipitie kwa uongozi wa spitali kwa barua, ihesabiwe kama msaada mwengine wowote, igawiwe wodi zote badala ya idara inayoandika dawa yao, na kusiwe na jina la dawa kwenye bahasha, kava la sahani wala bango. Repu asiwepo wakati wa kufuturu. Anayetoa kwa ajili ya Mungu atakubali masharti hayo siku hiyo hiyo. Wakisema lazima lile bango la antibiotiki lisimame mlangoni, hiyo iandikeni kwenye daftari la matangazo, tarehe na jina la dawa.